Nyangi Alisema Amemgeuza

Kila Jumamosi mama yake Nyangi anaenda sokoni Mwigobero kuuza dagaa. Nyangi, wa darasa la sita, anabaki na kaka yake, Thadeo. Thadeo alianguka kutoka juu ya lori la pamba kule Bunda, akavunjika shingo. Toka siku hiyo hasikii kitu kuanzia mabegani kushuka chini, wala hawezi kujigeuza. Nesi alisema ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatokwa na vidonda. Kumgeuza ni kazi. Unasukuma bega, unavuta kiuno, unapachika mto. Mwaka wa pili huu Nyangi anasukuma.

Jumamosi moja alipata kwenye simu sinema ya nje iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na DJ. Kijijini kwao Murangi watu wote walikuwa wanaisifia. Ilikuwa ya mzungu aliyepooza mwili mzima. Nyangi akaegemeza simu kwenye ndoo ili waangalie wote.

"Nyangi, nigeuze," Thadeo akasema.

"Subiri kaka, mke wake anataka kumwacha!"

"Mwache aachwe. Mimi niko ubavu huu toka asubuhi."

"Kidogo tu."

Thadeo hakuomba tena. Sinema ikamliza Nyangi mpaka kamasi, kisha akairudia toka mwanzo.

Jioni mama akarudi, miguu imevimba. "Umemgeuza kaka yako?"

"Ndiyo mama. Mara tano."

Thadeo akaangalia bati.

Wakati wa kumwogesha, mama akaona doa jekundu kwenye nyonga. Akalibonyeza. Halikufifia, dalili ya kidonda kinachoanza.

"Mara tano gani hizo, wewe?"

"Sijamgeuza hata mara moja, mama. Nilikuwa naangalia sinema. Na nilikuwa nimechoka."

"Na wewe Thadeo, mbona ulinyamaza?"

"Nimechoka kuomba, mama."

Mama alikaa kitandani, hata nguvu za kugomba hana. Siku nne hawakumlaza ubavu ule, doa likaisha. Jirani yao Dorkas akakubali kuja Jumamosi kusaidia.

Nyangi akaomba msamaha. Thadeo akamwambia, "Yule wa kwenye simu wakimaliza kumpiga picha anaamkaga, anaenda kula. Umemlilia yeye. Mimi sitaki kuliliwa, nataka kugeuzwa. Kuchoka siyo kosa. Ukichoka sema, tutatafuta mtu. Ila ukisema umenigeuza na hujanigeuza, hata mama hatanigeuza, maana anajua nimeshageuzwa. Unanielewa?"

"Nimeelewa, kaka."

"Haya, shika bega. Muda umefika."