Utepe wa Mkiani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Faidha alimpelekea mama yake uji kwenye uwanja wa ndege wa Masasi, alikokuwa mlinzi. Alhamisi hiyo palikuwa na ndege ndogo iliyoleta madaktari wa macho. Upepo wa Julai haukupumzika. Ndege ilifungwa kamba chini, na vibao vyake vya kuiongozea vilibanwa kwa vibano vya mbao, viwili mabawani na kimoja mkiani, visije vikagongwagongwa na upepo vikavunjika. Kila kibano kilikuwa na utepe mwekundu.

Utepe! Faidha alikuwa kapteni wa netiboli wa darasa la sita, na jioni hiyo wangecheza na darasa la saba. Kapteni bila kitambaa mkononi ni kapteni gani? Mama alipogeuka kuosha bakuli, Faidha aliufungua utepe wa mkiani, akautia mfukoni. Kibano hakukigusa. Akajiona mjanja kweli.

Siku nzima hakutulia. Upepo ulipiga mabati ya darasa, naye akawaza mkia wa ndege. Si kibano kipo, alijiambia. Mechi ilipoanza, gari la madaktari lilipita likielekea uwanja wa ndege. Hapo ndipo akili ilipomjia. Kama utepe haupo, rubani atakumbukaje kukitoa kibano?

Mpira ukampita. "Kapteni, umelala?" mchezaji mwenzake Shakila alimpigia kelele. Faidha alitimua mbio, wenzake wakimzomea.

Alimkuta rubani, dada mrefu aitwaye Ethel, ana vibano viwili mkononi, mguu mmoja ndani ya ndege. Madaktari walishakaa.

"Shikamoo! Usiwashe, tafadhali! Cha mkiani bado!"

"Marahaba. Cha mkiani?"

Faidha alimnyooshea utepe huku akilia. "Niliufungua mimi. Mama hajui. Asifukuzwe kazi, nakuomba."

Ethel alikwenda nyuma, akasukuma kibao cha mkia. Hakikusogea hata kidogo. Alikitoa kibano.

"Ningeruka hivi, nisingeweza kuiongoza," alisema.

Mama naye alikuwa amefika, anahema. "Faidha! Mimi nazuia wezi wa nje, kumbe mwizi ndiye anayeniletea uji!"

"Mama Faidha, hata mimi nimekosea," Ethel alisema. "Nilikuwa na haraka, nikatafuta wekundu kwa macho badala ya kushika kwa mkono." Kisha akamwinamia Faidha. "Umechukua kisicho chako, na hilo ni baya. Lakini umesema mapema. Dakika tano baadaye, kusema kwako kusingetusaidia."

Ndege iliruka. Mama aliikodolea macho mpaka ilipokata kona juu ya mikorosho, kuelekea Newala.

"Imegeuka," alisema, akashusha pumzi. Akamshika Faidha mkono. "Kusema kweli hakuishii hapa, mwanangu. Twende shuleni. Wenzako hawajui kwa nini kapteni wao aliwakimbia."