Kifaa Nilichokichomoa Kwenye Laini ya Mama Mkwe

Leo asubuhi mke wangu ameniuliza swali lile lile, kikombe kikanidondoka.

"Hivi mama alijaribu kupiga simu siku ile?"

"Hapana. Presha ilimchukua ghafla tu."

Wapendwa, nikamdanganya tena! Mara ya ngapi, hata sijui.

Acha niseme hapa, maana nimechoka kuongea na kuta.

Mimi ni fundi wa intaneti ya faiba. Kituoni kuna kifaa kidogo, kama kidole tu, kinachotuma mwanga kwenye nyumba sitini na nne kwa mpigo. Kipo chenye nguvu, mwanga wake unafika mbali. Kipo dhaifu, kinaishia njiani.

Siku moja kifaa cha mtaa wa wakubwa kikafa. Stoo palikuwa na vile dhaifu tu.

Bosi akafoka, "Fanya unavyojua!"

Nikachomoa chenye nguvu kwenye laini nyingine nikakipeleka kwa wakubwa, pale nikachomeka dhaifu. Siku mbili tu, nikajiambia.

Nyumba sitini na tatu zikaendelea kama kawaida. Ya mwisho kabisa ikakatika.

Ya mama mkwe wangu... mjane, anaishi peke yake, na simu yake inapita humo humo kwenye faiba.

Jamani, nilijua!! Nikasema mama ni wa nyumbani, atavumilia.

Kesho yake presha ikampanda. Majirani waliniambia mimi tu walivyomkuta: sakafuni, mkonga wa simu bado mkononi.

Tulipomaliza kuzika nikarudisha kile kifaa chenye nguvu. Papo hapo nyumba yake ikawaka kijani kwenye skrini yangu. Nyumba tupu! Miezi saba sasa, kila nikiingia kazini naikuta inawaka. Naogopa hata kukaa peke yangu mle ndani.

Basi leo, vigae vya kikombe vikiwa bado chini, nikapiga magoti nikasema yote.

Hakulia.

"Nilijua," akasema. "Wiki ile ile ya msiba nilienda ofisini kwenu kuuliza kwa nini simu ya mama ilikatika. Wakafungua daftari la kazi, wakanisomea jina lako."

"Sasa mbona ulinyamaza?!"

"Sikunyamaza, baba. Nilikuwa nakuuliza."

Akaingia chumbani, akatoka na begi. Lilishafungwa tangu jana.

Ndugu zangu, mwenzako akikuuliza jambo mara ya pili, usidhani amesahau jibu la kwanza.