Kitabu Ambacho Jaji Hakukisoma

Kisharabu hakikuwa kikubwa kuliko korosho. Jaji Tumsifu Lyatuu, mwanamke wa makamo, alikibandika nyuma ya sikio, akaweka kitabu mezani, na mwanga mwembamba wa samawati ukapita juu ya jalada kama kiganja kinachopapasa. Kurasa hazikufunuliwa. Mwanga ulipenya karatasi zote kwa pamoja ukasharabu maneno, na kabla chai yake haijapoa sauti tulivu ilikuwa ikimweleza sikioni mwandishi anadai nini, anampinga nani na amekosea wapi.

Dodoma ya miaka hiyo ilikuwa na treni za angani zilizopita juu ya mashamba ya zabibu, na ni wanasheria wachache waliofanya kazi bila kisharabu. Mahakama iliviruhusu vifaa hivyo vipange majalada, kwa sharti kwamba jaji asome kila jalada kwa macho yake kabla ya kuamua. Sharti hilo Tumsifu alilijua vizuri, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliolitunga.

Kila mwezi, Jumapili baada ya ibada, alizungumza katika ukumbi wa maktaba juu ya vitabu alivyosoma karibuni: teknolojia, sheria, maisha ya leo. Watu walijaa. Aliwahi hata kuwakemea wanafunzi wa sheria kwa uvivu wa kusoma, nao wakampigia makofi.

Jumapili hiyo alizungumzia kitabu cha mwandishi mpya, Nyamizi Mihayo, jina ambalo halikumkumbusha kitu. Kilihusu sautibaki, yaani sauti ya mtu iliyonakiliwa na mashine ikaweza kusema maneno mapya hata baada ya mwenyewe kufariki. Mwandishi alitaka sheria iwape wafiwa haki ya kuinyamazisha. Tumsifu alizieleza hoja zake kwa ufasaha, kisha akaongeza, "Nimependa pia mfano aliobuni, wa familia ya yule mtangazaji wa kituo cha treni. Umebuniwa kwa ustadi sana."

Wakati wa maswali alisimama mwanamke mwenye kilemba cha kijani.

"Shikamoo, Mheshimiwa Jaji."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye Nyamizi. Ahsante kwa kunisifu. Ila ule mfano sikuubuni. Mtangazaji yule alikuwa mama yangu, Kalunde. Kesi yetu ya kutaka sauti yake inyamazishwe iliamuliwa kwa maandishi tu, hatukuitwa. Uliiamua wewe, na nimeandika hivyo kwenye kitabu."

Watu walimgeukia Tumsifu. Angeweza kusema kweli wakati ule, na watu wangemsikia. Badala yake alitabasamu.

"Nilijua, mwanangu. Sikutaka kuanika mambo ya familia yako mbele za watu."

Nyamizi alimtazama kidogo, kisha uso wake ukalegea. "Basi nisamehe, Mheshimiwa. Nilidhani hukukisoma." Akakaa, na jirani yake akamshika bega.

Kuombwa radhi huko kulimuuma Tumsifu kuliko kama angetukanwa. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alikiuliza kisharabu kwa nini hakikumwambia.

"Uliniagiza niache habari za mtu binafsi na maelezo ya hisia, nikupe hoja peke yake," kilijibu. "Ndivyo ninavyofanya kwa vitabu na kwa majalada."

Alikitoa sikioni akakifungia kabatini. Kisha akafungua kitabu ukurasa wa kwanza. Macho yalikuwa yamesahau kazi hiyo. Yaliruka mistari, yakarudi, yakachoka. Lakini alisoma. Alisoma kwamba baada ya Kalunde kufa, shirika la treni liliendelea kutumia sauti yake, maana mkataba uliruhusu. Alisoma kwamba mumewe, Mzee Mihayo, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zikififia, alianza kwenda kituoni kila siku. Mkewe alikuwa akitangaza, "Abiria, tafadhali subirini hapo mlipo," naye alisubiri. Alikataa kula, alikataa kuondoka, alilowa mvua akalazwa hospitali. Yote hayo Nyamizi alikuwa ameyaandika kwenye kiapo cha kesi. Na hukumu ya Tumsifu ilisema kwamba wadai hawakuonyesha madhara yoyote.

Aliufunika uso kwa mikono, ingawa alikuwa peke yake sebuleni.

Asubuhi alikwenda kwa Jaji Kiongozi, Mzee Sangawe, akamweleza bila kujitetea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesi hiyo itasikilizwa upya na jaji mwingine," alisema. "Wewe utakaa pembeni mpaka tume ikuhoji. Unaelewa hii ina maana gani, Tumsifu?"

"Naelewa."

"Mimi ndiye niliyependekeza jina lako uwe jaji." Hakumsindikiza mlangoni.

Kutoka pale alikwenda kituoni. Hakupata shida kumtambua Mzee Mihayo: alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, amevaa koti safi, fimbo katikati ya magoti. Alimwamkia, akakaa kando yake. Juu ya vichwa vyao sauti ya mwanamke, yenye uchangamfu wa mtu aliye hai, iliwaomba abiria wasubiri.

"Huyo ni mke wangu," mzee alisema. "Kazi zake haziishi. Akimaliza tutakwenda nyumbani."

Nyamizi aliwakuta hivyo alipofika na chakula cha baba yake. Alisimama, sufuria ya wali mkononi.

"Mheshimiwa?"

Tumsifu aliinuka. "Jana nilikudanganya mbele za watu. Kitabu chako sikuwa nimekisoma. Na kiapo chako pia, wakati wa kesi, sikukisoma. Mashine ilinisomea. Nimeshasema kwa wakubwa, na kesi yenu itafunguliwa tena. Nimekuja kukuomba radhi."

Nyamizi aliiweka sufuria kwenye benchi taratibu. Hakulia, hakupaza sauti.

"Mimi niliandika kitabu, ndiyo maana umejua," alisema. "Hao wengine, Mheshimiwa? Wale ambao hawakuandika?"

Tumsifu alijaribu kukumbuka uso mmoja, jina moja, kati ya watu wote aliowaamulia miaka ile. Hakuna lililomjia. Treni iliingia, milango ikafunguka, watu wakapanda. Alitaka kupanda nao, aende mbali na macho ya yule binti, na akapiga hatua moja.

Mzee Mihayo alimshika mkono wa gauni.

"Usiondoke, mama," alisema kwa upole. "Si umemsikia? Amesema tusubiri."

Tumsifu akakaa.