Yuko Mchangani

Siku Kalinga alipokutana na Sekela, gari lake la Pijo lilikuwa linachemka kama sufuria ya maharage kando ya soko la Uyole, Mbeya, na malori ya Zambia yalimpigia honi aondoke njiani. Sekela, karani wa simu katika ofisi moja ya kilimo, alikuwa anatoka kazini. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe na viatu vya raizoni vyenye soli nene.

"Kaka, hilo ni gari au tanuri?"

"Ni gari, dada. Linakuonea haya tu."

"Basi linywe maji, lisije likazirai."

Akamletea ndoo. Kabla maji hayajaisha alikuwa amekwisha kukubali kupigiwa simu.

Kalinga alikuwa fundi wa injini mjini Iringa. Kila Jumamosi alipiga simu, na mwanzoni maneno yalikuwa matamu. Baadaye yakawa ya injini tu: ameishusha, ameifungua yote, vyuma vimeliwa na kutu, atavisafisha na kuvipaka rangi upya.

"Kwetu tutakwenda lini, mpenzi? Baba anauliza."

"Subiri, mama. Siwezi kufika kwa mkwe na gari linalotapika maji."

"Si upande basi!"

"Fundi wa magari akapose kwa basi? Watanicheka hadi Tukuyu."

"Basi lioe hilo gari lako! Usinipigie tena!"

Jumamosi iliyofuata simu haikulia, wala ile ya pili. Kila kengele ilimrusha Sekela kitini. Kisha akawasikia wauza viazi wakisimulia lori lililotumbukia korongoni Kitonga, njia ambayo Kalinga huipita akifuata vipuri Dar es Salaam. Chakula kikamshinda. Akaagiza simu Iringa. Akapokea Edmund, fundi mwenzake Kalinga, na laini ilikuwa inakoroma.

"Shemeji! Kalinga? Yuko mchangani tangu asubuhi!"

"Unasema yuko wapi?"

"Mchangani! Tumemfunika turubai, hata ukimwita hasi..."

Laini ikakatika.

Neno moja likiingia katika masikio mawili huweza kuwa maneno mawili. Kwa Sekela, mchanga ulikuwa ule wa makaburini, ambao kila mwombolezaji hutupa konzi moja. Na yeye neno lake la mwisho lilikuwa "usinipigie tena".

Kesho yake alipanda basi, kitenge amekifunga kiunoni juu ya gauni, kama wafungavyo wafiwa kwao Unyakyusa. Abiria walimpa pole. Misonobari ya Mafinga ilipita dirishani asiione.

Alikwenda moja kwa moja gereji. Pijo ilikuwa imesimama uani bila injini, boneti wazi, kiti cha dereva kitupu. Akapiga yowe.

"Mume wangu jamani! Mume wangu Kalinga!"

Wauza nyanya ng'ambo ya barabara, wasiomjua hata marehemu, wakaitikia kilio. Nyuma ya ua, kompresa ya upepo iliyokuwa ikinguruma ikanyamaza. Likatoka jitu jeupe kwa vumbi toka utosi hadi unyayo, kichwani kofia ya turubai yenye kioo kidogo. Wauza nyanya wakatimua mbio. Mmoja aliacha kapu.

Jitu likavua kofia.

"Kamwene," Kalinga alisalimu kwa Kihehe. "Nani amekufa?"

"Wewe!" Sekela alimpiga kifuani, vumbi likaruka. "Mbona hukupiga simu?"

"Si ulinikataza?"

"Katika yote niliyokuambia, ukatii hilo tu!"

Kalinga akamwonyesha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nusu nyeusi kwa kutu, nusu iking'aa kama sarafu mpya. Mpira wa kompresa ulirusha mchanga mkavu hadi kutu ikabanduka; kazi hiyo ndiyo mafundi waliyoiita "mchangani". Matundu ya mafuta yote aliyaziba kwa vizibo vya mti.

"Punje moja ikisalia ndani, injini inakufa njiani. Ningekufikishaje kwenu?"

Sekela akapitisha kidole upande unaong'aa.

Edmund, aliyetokea nyuma ya ua, akakohoa. "Shemeji, umelia mume mbele ya soko zima. Utakana vipi?"

Kalinga alimtazama msichana, kisha gari, kisha msichana tena.

"Basi la Mbeya linaondoka saa ngapi?"

"Na injini?"

"Itasubiri. Imeshazoea."

Sekela akafungua kitenge kiunoni, akamfuta uso polepole hadi sura ikarudi.

"Kaoge kwanza," akasema. "Baba hawezi kuoza binti yake kwa maiti."