Mwizi Aliyeacha Kufuli

Mwizi aliondoka na mlango wa darasa, akaacha kufuli kizingitini, bado limefungwa.

Inspekta alichuchumaa. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa bila mkwaruzo, skrubu zote zimewekwa ndani ya kikombe. Mwizi gani huyu mwenye adabu?

"Mlinzi wangu mmemweka ndani bure," alilalamika mwalimu, bibi aliyekuwa anastaafu wiki hiyo. "Yule huiba usingizi tu, afande."

"Mlango ulikuwa na nini?"

"Alama za penseli, upande wa ndani. Kila mwaka niliwapima watoto urefu."

Kitongoji kile hakikuwa na diwani wala ofisi, na ramani zilikiruka. Kilianza kama kambi ya wajenga reli. Reli ikaenda zake, watu wakabaki. Kumbukumbu yao yote ilikuwa kwenye mlango ule, na kamati ya wazazi ilikuwa imenunua rangi iupake, iwe zawadi ya kumuaga mwalimu.

Inspekta hakuhangaika na alama za vidole. Seremala wa pale alikuwa mmoja tu. Inspekta alifuatana na mwalimu hadi karakana, wakamkuta fundi, na mlango umeegemezwa ukutani, umefunikwa blanketi.

"Uliutoa wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua mlinzi yuko mahabusu kwa ajili yako?"

Seremala alishtuka. "Haki ya Mungu sikujua! Mwachieni, nifungeni mimi."

"Kwa nini uliutoa?"

Alifunua blanketi, akagusa alama moja ya chini. "Huyu ni binti yangu. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Wenzake wakipimwa, mwalimu alimshika kwapani, akamsimamisha, naye apimwe. Kila mwaka. Sasa mwanangu hayupo, na rangi ingemfuta."

"Ungesema kwenye kikao cha wazazi!"

"Nilisimama, sauti ikanigomea. Nitakataaje zawadi ya mwalimu, baada ya wema ule?"

Mwalimu alikuwa analia waziwazi. Inspekta alishukuru kimoyomoyo kwamba pingu zake leo hazina kazi. Akapiga simu kituoni, mlinzi aachiwe.

"Mlalamikaji unasemaje, mama?"

"Malalamiko sina. Rangi wapake nje." Mwalimu akavua viatu, akaegemea mlango. "Miaka yote hiyo, mimi sijapimwa. Ila magoti yangu siku hizi si ya kuaminika."

Inspekta akamshika kwapani, akamsimamisha wima. Seremala akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Asante, mwalimu," alisema, na safari hii sauti haikumgomea.