Mchoro wa Shule Uliokataa Kuingia Kwenye Disketi

Choo cha shule... mashimo kumi na mawili... kimewekwa mita kumi na nne juu ya chemchemi anayochota maji mama yangu!

Si pembeni, ndugu zangu. Juu. Kwenye mteremko, mahali ambapo mvua ikinyesha kila kitu kinashuka chini.

Na aliyekiweka hapo alikuwa baba mkwe wangu mtarajiwa.

Nilisogeza kiti nyuma, nikatoka nje, nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana mimi si mtu wa kukimbilia kumhukumu mwenzangu.

Ilikuwa Gisenyi, mwaka 1999. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Kigoma, mama akapata kiwanja Nyamyumba, mimi nikapata kazi mjini kwa mzee Wellars. Ofisi yake ya kuchora majengo ilikuwa karibu na soko. Meza mbili za kuchorea na kompyuta moja.

Mzee Wellars alikuwa fundi wa karatasi na kalamu. Kompyuta aliinunua kwa sababu wateja wa Kigali walianza kudai michoro kwenye disketi. Mimi nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada na kamusi iliyochanika.

Alinipenda. Akanipa kazi, kisha akakubali nimchumbie binti yake, Donatille. Mimi Faradji, Mwislamu, wao Wakatoliki wa kwenda misa kila Jumapili! Halikuwa jambo dogo. Nilimheshimu kama baba.

Asubuhi moja akaniita.

"Faradji, ile mchoro ya shule ya Nyamyumba inakataa kuingia kwa disketi."

"Ina ukubwa gani, mzee?"

"Megabaiti kumi na moja."

"Kumi na moja? Shule ya madarasa sita?"

"Bon, hii kompyuta iko na wazimu, mi nitajua aje? Punguza tu. Disketi iende na basi ya saa sita, wazungu wa Kigali wenye kutoa pesa ya shule banaingojea. Na usiguse kitu ingine!"

Akaenda zake sokoni.

Kwa wasioijua enzi ile: disketi moja haikubeba hata megabaiti moja na nusu. Na shule ya madarasa sita ni kuta, milango, madirisha, paa na choo. Ingetosha kwenye kona ya disketi.

Nikaanza kutafuta ugonjwa.

Kwanza nikafuta vitu vilivyohifadhiwa bila kutumika: milango ya akiba, aina za maandishi, alama za mradi wa zamani. Ikashuka kidogo sana. Nikatafuta mistari iliyochorwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine. Ikashuka tena kidogo. Bado ilikuwa zaidi ya megabaiti kumi.

Basi nikahesabu. Kwa macho yangu niliona mistari kama mia tisa. Nikaiuliza kompyuta: humu ndani mna vitu vingapi?

Elfu sitini na moja!

Nikasoma ile namba mara tatu.

Mchoro wa kompyuta hupangwa kwa matabaka, kama karatasi zinazopenya mwanga, zilizowekwa moja juu ya nyingine. Tabaka moja lina kuta, jingine lina maji, jingine umeme. Unaweza kulizima tabaka lisionekane. Lakini halijatoka! Limebaki mle mle na uzito wake wote.

Mzee Wellars hakulijua hilo. Yeye alizoea karatasi, na karatasi ya juu ukiinyanyua, imeondoka.

Nikakuta matabaka mawili yamezimwa. Nikawasha la kwanza.

Lilikuwa la wapima ardhi. Mteremko wa kilima, mtaro, na kiduara kimoja kilichoandikwa *source*. Chemchemi! Mchoro wa kwenda Kigali haukuionyesha kabisa. Na katika tabaka hilo, choo kilikuwa upande wa pili wa kilima, mahali tambarare panapoona ziwa, mbali na maji ya watu.

Nikatazama choo kilipo sasa. Nikapima. Nikapima tena.

Mita kumi na nne, juu.

Hapo ndipo nilipotoka nje kutema mate. Maji yale mama anayanywa. Anatawadhia kila alfajiri. Na kaya zaidi ya arobaini zinachota hapo hapo.

Nikarudi ndani. Nikajiambia, labda wapima wamekosea. Nikawasha tabaka la pili.

Kompyuta ikaganda... dakika moja... mbili... nne...

Pale pale tambarare, kwenye ardhi waliyopewa watoto wa shule, ikajitokeza nyumba.

Nyumba ya kifahari! Baraza la kutazama ziwa. Gereji. Mitende, kila jani limechorwa. Na bafu... jamani, lile bafu! Vigae sakafuni mpaka darini, kimoja kimoja, na kila kigae kina ua, na kila ua lina petali nane. Sinki lenye mikunjo. Beseni kubwa la kuogea lenye miguu ya simba, hadi kucha!

Nikafanya hesabu. Megabaiti tisa kati ya zile kumi na moja zilikuwa bafu na mitende.

Sijawahi kuchukizwa na mchoro namna ile. Watoto wajisaidie juu ya maji ya kunywa ya watu, ili mtu aoge huku anatazama ziwa!

Mzee akarudi. Mkononi ana sambusa kwenye gazeti, mafuta yanamchuruzika vidoleni. Akaona kioo cha kompyuta. Akaacha kutafuna.

"Nilikuambia usiguse kitu ingine."

"Mzee, hapa palikuwa na chemchemi."

"Chemchemi gani?"

"Anayochota mama yangu."

"Ah... kale kamaji."

"Labda ipo sababu nisiyoijua. Naomba unieleze, mzee, nitakusikiliza."

"Sababu iko. Ile nafasi iko na nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Akanitazama, kisha akacheka mpaka kipande cha sambusa kikaruka juu ya meza.

"Yako, bwana! Yako na Donatille! Zawadi ya ndoa! Unafikiri mi nazeeka, nitafanya nini na nyumba kubwa hivi? Nilitaka nikushitukize, na sasa umeharibu!"

Nilikaa kimya.

"Na mama yangu?" nikauliza baadaye.

"Mama atahamia kwenu. Atakunywa maji ya robine, ya bomba."

"Na majirani zake?"

"Majirani?"

Aliuliza kwa dhati kabisa! Hakujua ninawazungumzia akina nani. Akapangusa vidole kwenye karatasi ya mchoro na kuchukua sambusa nyingine.

Nikageukia kompyuta. Nikafuta nyumba. Nikarudisha choo upande wa pili. Nikaacha tabaka la wapima ardhi likiwaka, chemchemi ikionekana. Nikahifadhi. Kilobaiti mia mbili na kumi.

"We, unafanya nini?"

"Ulisema nipunguze, mzee."

"Faradji! Ukituma hiyo, kwangu usikanyage tena! Hakuna kazi, hakuna ndoa! Unasikia?"

Nilisikia. Nikachukua disketi na kwenda kituo cha basi.

Donatille alinikuta pale, dereva ameshaondoka na bahasha ya disketi. Baba yake alikuwa amempigia simu dukani kwake. Amevaa vizuri, analia.

"Vile vigae mi nilichagua mwenyewe! Goma yote nilizunguka kwa ajili yetu!"

"Ulijua choo kimepelekwa wapi?"

Akageuza uso barabarani.

"Donatille. Ulijua?"

"Papa alisema watu ya kule watazoea tu."

Nilimpenda, sitawaficha. Lakini nilipomtazama akipangusa machozi, nilitaka tena kutema mate. Nikasema kwaheri kwa upole. Sikumgusa hata mkono.

Kazi ikaisha siku hiyo. Ndoa pia. Shule ilijengwa mwaka uliofuata, na choo kiko upande wa pili wa kilima.

Jioni ile nilimweleza mama yote. Alicheka aliposikia beseni lenye miguu ya simba.

"Lilikuwa zuri?"

"Zuri sana, mama."

"Na wewe mwanangu, alipokwambia ni yako, ulimjibu nini?"

Hapa ndugu zangu nawaomba radhi. Nimewaandikia kwamba nilikaa kimya. Sikukaa kimya.

Nilimuuliza mzee Wellars: "Ina vyumba vingapi?"

Vinne, alisema. Na mimi nikaanza kuvipanga kichwani. Chetu, cha wageni, cha watoto... Nilikuwa nimeshafika cha nne ndipo nikamkumbuka mama!

Nilipomwambia hivyo, mama aliacha kucheka. Alichota kikombe cha maji kwenye mtungi, akaninyooshea.

"Kunywa," akasema.

Nikanywa. Yalikuwa baridi, na yananuka udongo kidogo, kama siku zote.

Somo langu ni hili tu. Kitu kikiwa kizito kuliko kinavyoonekana, usikimbilie kukipunguza ili kipite. Kifungue kwanza. Na usijiamini sana kwamba utachukizwa na utakachokikuta, maana huenda kimetengenezwa kwa kipimo chako.