Kiti cha Tano

Jumamosi ile mchana sebuleni walikuwa wanne: fundi cherehani, mumewe mchomeleaji vyuma, mama mkwe wake aliyekuwa mwalimu mstaafu, na jirani yao waliyemwita Mjuaji. Mtoto wa miezi saba alikuwa amelala chumba cha pili. Lakini mbele ya televisheni palikuwa na viti vitano, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyekileta kile cha tano.

Filamu ilikuwa na urefu wa saa nne na nusu, imetokana na riwaya ya zamani ambayo mwalimu aliifundisha miaka mingi. Nyumba ile ilikuwa na sheria aliyoiweka yeye mwenyewe: filamu ikiisha, hakuna kuinuka mpaka kila aliyeitazama atoe maoni yake. Hata wageni waliijua.

Mjuaji alianza. "Filamu imekiacha kitabu mbali sana."

"Kitabu umekisoma?" mwalimu akamuuliza.

"Jalada nimelisoma, mwalimu. Lote."

Wakacheka. Mchomeleaji akapiga miayo. "Vita vimezidi. Nimelala wanapigana, nimeamka wanapigana, na ni walewale."

"Mimi nimempenda yule askari aliyempa mateka viatu vyake," mkewe akasema. "Hakusema neno. Alivua tu akampa."

Mwalimu alivua miwani. "Wamemtoa yaya. Saa nne na nusu, wamemnyima hata dakika moja. Kitabuni nyumba inaungua, yaya anampitisha mtoto katikati ya vyuma vya dirisha, watu wanampokea nje. Yeye hapiti. Anabaki humo. Hapa mtoto anaonekana tu mkokotenini, mzima. Kaokolewa na nani?"

Palinuka moshi, na fundi cherehani akakumbuka kwamba jiko alilizima tangu asubuhi.

"Haya," mwalimu akasema kama kawaida yake, "wote tumesema."

"Mimi bado."

Sauti ya mwanamke, ya chini, ilitoka kwenye kiti cha tano. Kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea.

Mjuaji ndiye aliyewahi mlangoni. Komeo lilifunguka, ufunguo ukazunguka, mlango haukusogea. Mchomeleaji akaujaribu wa chumbani kwa bega, mara tatu. Akageukia dirisha, akaishia kushika vyuma alivyovichomelea mwenyewe mwaka uliopita, akijisifu kwamba hata paka hatapita.

Ndipo mtoto akaanza kulia.

"Mwanangu ana njaa," fundi cherehani akanong'ona. Maziwa yalikwisha kulowesha gauni lake.

Mto wa kiti ukainuka polepole, kama mtu anaposimama, na harufu ya moshi ikapita katikati yao, ikaenda mpaka mlango wa chumbani, ikapita chini yake, na upande wa pili mtoto akanyamaza ghafla, kisha wakasikia kitanda kikilia kama kimekaliwa, na ile sauti ya chini ikaanza kubembeleza, taratibu, bila haraka, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta siku nyingi na hana tena pa kwenda.

Mama wa mtoto akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Dada," akasema, "umembembeleza, ahsante. Sasa nipe nimnyonyeshe. Tafadhali, dada."

"Nilimtoa," sauti ikajibu. "Na hakuna aliyeniona."

Mwalimu alikuwa angali amekaa. Aliugeukia mlango wa chumbani, akasema kwa sauti ya darasani, "Mwanangu, sheria ya humu ni yangu. Hujapewa zamu, na ni haki yako. Njoo ukae, useme yote. Nitakusikiliza mpaka umalize. Hawa waache watoke."

"Mama, usifanye hivyo," mchomeleaji akasema.

"Nyamaza. Mchukue mkeo."

Kubembeleza kukakoma. Moshi ukarudi sebuleni, mto ukabonyea, na mlango wa chumbani ukafunguka wenyewe. Mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa amebadilishwa nepi, tena vizuri, na miguu yake ilifunikwa kwa kitambaa kilichoungua pembeni, ambacho hakikuwa cha nyumba ile. Mlango wa nje nao ulikuwa wazi. Walipotoka, ukafungwa nyuma yao.

Kwa dirisha walimwona mwalimu amekigeukia kiti kitupu, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama asikilizavyo mtu mzima anayesimuliwa msiba. Mchomeleaji alianza kukata vyuma vyake mwenyewe kwa msumeno, lakini mama yake alimwinulia mkono: bado.

Alitoka asubuhi ya pili, sauti imemkauka ingawa hakuwa amesema kitu.

Aliishi miaka sita zaidi. Kila Jumamosi mchana alifunga mlango wa sebule, na ndani aliweka viti viwili.